Nusu Alama ya Feni

Mhariri amenipa siku saba na maneno mia sita.
Boksi lilifika Jumatatu, jepesi,
mpaka mleta vifurushi akalitikisa
akaniuliza kama nimeagiza hewa.

Ndani: kompyuta ya mezani isiyozidi nusu mkate,
rangi ya jivu la jana,
na ubavuni pake adapta ya umeme, nene, nyeusi,
mpambe aliyemzidi bibi harusi kimo.
Hilo niliandika mapema. Kizuri hakikosi ila.

Tunakaa Łódź, ghorofa ya nne,
mimi na baba yangu Zenobiusz,
fundi wa mashine za kufuma,
miaka thelathini na mmoja kiwanda cha pamba.
Masikio aliyaacha kule.
Alipostaafu hakurudishiwa.

Siku ya kwanza nilihesabu matundu:
mbele mawili, nyuma manne,
na la vipokea sauti limefichwa
pale ambapo kidole hakifiki.
Inawaka kwa sekunde kumi na moja. Kahawa bado.
Siku ya pili video, barua, madirisha ishirini kwa pamoja;
haikukohoa.
Siku ya tatu, mgeni ni mgeni, nikaipa jembe:
fomu ya kodi ya baba, risiti zake zote,
na picha elfu tatu za binamu Dobrosława
za harusi moja tu.
Hapo feni ikaanza kulia.

Nikasogeza kipimo. Desibeli thelathini na tisa.
Nikaandika: *Ina kelele. Haifai chumba cha kulala.*
Baba akaketi mbele yake saa nzima,
akikuza picha moja moja,
akimtafuta aliyeazima viatu vyake asirudishe.
"Kimya kama theluji," akasema.
"Chombo chenye adabu."

Sasa gazeti linamwandikia nani?

Alhamisi nilirudi kutoka sokoni nikakuta
ameivisha kitambaa cha marehemu mama,
kile cha kulabu, chenye nyota nane,
kilichokaa juu ya redio,
kisha juu ya televisheni,
mpaka televisheni zikawa nyembamba
na kitambaa kikakosa pa kulala.

Juu ndiko inakopumulia.
Yowe la feni nililisikia tangu ngazini.
Nikafungua mdomo; yeye amekwishanyoosha mkono,
kiganja juu ya nyota, kichwa upande,
kama alivyokuwa akiigusa mashine namba kumi na sita
kabla haijakata uzi.
"Inatetemeka. Ni beringi," akasema.
Akangoja.
"Hapana. Imekabwa."

Akakikunja kitambaa mara mbili,
akakitandika chini ya kompyuta.
Feni ikashuka.
Aliisikia kwa kiganja.

Nikapima tena, kwa ukaidi tu: thelathini na nne.
Kitambaa kilikuwa kimeumeza mtetemo wa meza.
Kwenye boksi hakuna aliyeandika hilo.

Ijumaa nikafunga hesabu:
*Memori imegandishwa, haiongezeki;
ukitaka ya kesho, inunue leo.
Mwenye michezo mizito atafute kwingine.
Kwa barua, kodi na harusi za watu,
inatosha na kusaza. Saba kwa kumi.*
Nikafuta. *Saba na nusu.*

Mhariri ameuliza nusu hiyo ni ya nini.
Sijamjibu.

Jumatatu boksi linarudi lilikotoka.
Kitambaa nimekitoa, nimekifua, kinakauka jikoni.
Baba ameniuliza bei mara mbili,
ya kwanza mezani, kama utani,
ya pili usiku, mlangoni pangu,
akidhani ananong'ona.
Ghorofa ya pili walisikia.