Donge la Sukari

Batumi mvua haipigi hodi.
Huingia kama shemeji aliyezoea nyumba,
ikakaa siku nne, ikasahau kofia yake
juu ya milima.
Kwa hiyo usinicheke nikikuambia
ua wetu mzima, ghorofa tano pande tatu,
tuliishi jicho moja mbinguni, jingine kwenye mashuka.

Otia aliendesha kreni bandarini miaka thelathini na mmoja.
Walipomstaafisha, mikono haikupata barua;
ikaendelea kunyanyua vitu hewani hata usingizini.
Ndivyo alivyosema mkewe, Mzekala,
ambaye jina lake, kwa lugha yetu, lina jua ndani,
na goti lake lina mvua.

Goti ndilo lililoanzisha mambo.
Chumba cha kufulia kiko chini. Vidato tisini na viwili,
beseni la nguo mbichi, na lifti
iliyokufa kabla wajukuu hawajazaliwa.
Otia akaokota kigari cha mtoto jalalani,
akakifunga magurudumu matatu matatu,
pembetatu huku, pembetatu huku,
kikapanda ngazi,
tok, tok, tok,
kama mbuzi mwenye adabu.
Kikifika juu, ukivuta kitasa, mbavu zinafunguka:
mwavuli wa mkahawa uliofilisika,
kila ncha na kibanio chake.

Angeishia hapo.
Lakini mgema akisifiwa, mnajua.
Huyu alisifiwa, akatia sukari.

Yaani hivi: waya wa nguo nje ya dirisha,
springi iliyokazwa kama taya,
na kati ya meno yake donge moja la sukari.
Tone la kwanza likidondoka, sukari inalegea,
springi inafyatuka, nguo zote
zinakimbilia chini ya upenu
kabla hujamaliza kusema "mvua".
Siku ya kwanza tulipiga makofi madirishani.
Siku ya pili, jua la utosi,
mashuka yakakimbia ndani yenyewe.
Sisimizi.
Akaweka chumvi. Hewa ya Bahari Nyeusi ikailamba usiku.
Akaweka aspirini. Mzekala akampokonya:
"Na moyo wangu je, unywe springi?"

Mimi Tsiala, dirisha la mkabala,
niliona ambalo fundi hakuliona.
Zamani Mzekala akianika, nami nikianika,
vibanio mdomoni, tukizungumza kwa meno.
Soksi, habari fupi. Foronya, habari ndefu.
Guram wangu alipofariki,
shati lake likiwa bado kwenye waya,
ni yeye aliyeniambia kutoka ng'ambo:
"Usilianue. Liache likauke mara mbili."
Sasa mashine ilianika, mashine ikaanua,
na dirisha lake likabaki pazia tu.

Nikavuka ua, nikapanda vidato vyote,
nikaomba sukari.
"Ya chai au ya waya?" akauliza Otia.
"Ya chai. Vikombe viwili. Wewe huhesabiwi."

Usiku ule hatukulala kwa nyundo.
Asubuhi roda moja ilikuwa ukutani kwake,
ya pili, bila ruhusa, ukutani kwangu,
na kamba ikizunguka juu ya ua mzima.
Blauzi yake haifiki juani mpaka mimi nivute.
Taulo langu halirudi mpaka yeye aachie.
"Hesabu mbovu," alisema, akifuta grisi viganjani,
"mashine inayotaka watu wawili."
Hakututazama.

Kigari nacho kimepata kazi: wakati wa zabibu
kinaning'iniza nyuzi za jozi zilizochovywa rojo,
na watoto wa ghorofa ya pili wanakizunguka
wakihesabu ambazo hazitaonekana zikipungua.

Leo mvua imetukuta katikati.
Mashuka yake sita yako juu ya ua,
si kwake, si kwangu.
"Vuta!"
"Vuta wewe!"
Na huko chini, kichwa wazi,
Otia anatafuna donge la sukari.