Swali la Kumi na Nne

Nyuma ya hoteli, wageni wasikofika,
mvuke wa pasi ulinikaribisha kabla ya mtu.
Kadzo wa Charo akafuta mikono kwenye leso,
akasogeza kapu la foronya, akanipa kiti chake,
yeye akabaki wima.
"Uliza. Nina dakika ishirini,
na kumi kati yake ni za chai."

Nikatoa dodoso langu, kurasa nane,
limepita kwenye kamati tatu, lina mihuri miwili.
Umri. Miaka kazini. Watoto: wanne,
"na wawili wa marehemu ndugu yangu. Utawaandika au utawaacha?"
Nikaandika sita.

Swali la kumi na nne:
Kazi yangu hunizuia kutimiza wajibu wa familia.
Moja, sikubali kabisa. Tano, nakubali kabisa.
Akacheka hadi Dama wa meza ya pili akageuka.
"Familia ipi? Ya karatasi yako, au ya karatasi ya ofisini?"

Maana ofisini ipo karatasi, imebandikwa chini ya saa:
ruhusa ya msiba ni siku tatu,
kwa mume, mtoto, mzazi aliyekuzaa.
Mwaka juzi alikufa mume wa shangazi yake, kule Marafa,
mtu aliyemlipia karo kwa kuuza mbuzi mmoja mmoja
hadi zizi likabaki na kamba.
Mahanga ni siku saba.
Karatasi ikasema: huyo si wako.

"Basi ukafanyaje?"

Pasi ikashuka, ikapanda.
"Kwani nyumbani shamba tunalilimaje? Si mweria?
Leo kwangu, kesho kwa Dama, kesho kutwa kwa Mbeyu.
Tukalima mashuka.
Siku saba jina langu lilitiwa sahihi kwenye daftari la zamu,
kwa miandiko minne,
na hakuna shuka hata moja lililotoka na kunyanzi.
Meneja akatupa cheti: idara isiyokosa mtu."

Kalamu yangu ikaganda hewani.
Jambo nililolisaka miaka miwili
ndilo hili, limesimama mbele yangu, linapiga pasi.
Msimamizi wangu chuoni atauliza limepimwa kwa kipimo gani.
Na meneja, aliyenifungulia lango,
ameomba nakala ya ripoti.

Hapo ndipo maziwa yakanitoka.
Saa saba kasorobo; kule Maweni mwanangu ameamka,
jirani anamdanganya kwa maji ya kijiko.
Madoa mawili yakatanda kwenye blauzi yangu ya utafiti.
Kadzo aliona. Hakusema pole.
Akachukua taulo ndogo, ingali ya moto,
yenye nembo ya hoteli, akanibandika kifuani,
akazikusanya karatasi zangu, akazigonga kingo zikalingana
kama anayekunja shuka.

"Ana miezi mingapi?"
"Minne."
"Na wewe, hilo la kumi na nne, utajibu ngapi?"

Dakika zake ziliisha. Chai haikunyweka.

Usiku nikaingiza majibu, mtoto begani,
kompyuta ikakataa kisanduku kitupu,
ikaniandikia kwa wekundu: jibu linahitajika.
Nikaandika tatu, si huku wala kule.
Nikaifuta.
Taulo bado sijairudisha.