La Sivyo

Mashine ni moja. Iko Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani,
chumba cha nyuma, dukani kwa Mhando wa vipuri vya baiskeli,
juu ya meza iliyokuwa ya cherehani.
Inavuma kama nzi aliyefungiwa chupani.
Ndani yake wamelala wapangaji wanne
wasiojuana hata kwa salamu:
wakulima wa machungwa, Muheza;
zahanati ya wazazi, Chumbageni;
kiwanda cha kamba, Pongwe;
na chama cha kuzikana cha Makorora,
ambacho barua zake huja usiku.

Mwanzo niliwapa mlango mmoja.
Ukurasa mweupe, nembo ya watu wa mbali walioiunda programu,
jina, nywila, kitufe.
Nikasema: barua ni barua.

Siku ya tatu akapiga simu Bi Mwantumu Semboja, mkunga mkuu:
"Kijana, mlango huu si wangu.
Siandiki siri ya mjamzito
mahali nisipoona jina langu."
Nikamwambia, ni kwako, mama, ingia tu utaona.
"Hata mwizi husema hivyo."
Akakata.

Na kweli. Anayenunua kanga hanunui pamba.
Pamba ni moja, kinu ni kimoja,
lakini mkono huenda kwanza pindoni, kusoma,
na jina likimkataa
huikunja akairudisha rafuni.

Basi nikafungua faili, nikaliandika sharti:
likiitwa jina la zahanati, toa kijani, mama na mtoto;
likiitwa la kiwanda, toa katani iliyoanikwa, nyeupe kama mvi;
likiitwa la machungwa…
hapo Hoza, mhasibu wao, alinirudisha mara nne.
"Rangi gani hii? Chungwa letu linaiva kijani!"
Nikawa na kijani mbili, kila moja ikidai ndiyo ya kwanza.
Wa kuzikana hawakutaka picha.
"Andika jina, inatosha. Mfiwa hasomi mapambo."

Nikaongeza la kwangu: dakika ishirini usipogusa kitu
mashine inakutoa nje.
Waja leo, waondoka leo.
Nayo imezaliwa hapa hapa.

Usiku huo nikasahau nukta moja.
Nukta tu, ndogo kuliko yai la chawa.
Asubuhi Pongwe wakafunguliwa na mama na mtoto,
wakacheka ofisi nzima: "Nani kajifungua huku?"
Bi Mwantumu akakuta katani, hakucheka.
Na Mwinyikombo, mweka hazina wa kuzikana,
alikuwa akitafuta barua ya msiba wa shemeji yake.
Akapokewa na chungwa.

Hakupiga simu. Alikuja,
akasimama kati ya minyororo na taya za baiskeli,
kofia mkononi.
"Niliingia, nikatoka," akasema.
"Nilidhani nimekosea nyumba.
Na siku ya msiba, kukosea nyumba…"
Hakumaliza.
Niliirudisha nukta yeye akiwa bado amesimama.
Jina la chama likatokea, jeusi juu ya nyeupe.
Akalisoma kwa kidole, herufi kwa herufi,
kisha akaomba kiti.

Sharti halifungwi bila mstari wa mwisho.
Tunauandika: la sivyo.
Yaani akija mtu kwa jina tusilolijua,
atolewe mlango gani?
Mhando alisema, mwoneshe kosa, aende zake.
Mimi nimemwachia ukurasa mtupu, hauna nembo,
hauna kijani ya mtu yeyote,
na maneno haya tu:
"Umefika Tanga. Unamtafuta nani?"

Kila asubuhi, kabla ya chai, nasoma kumbukumbu za mashine.
Wengi wa la sivyo ni mashine wenzake,
hugusa kitasa na kupita.
Lakini jana, saa tisa usiku, mmoja alifika,
hakuandika jina, hakuandika nywila.
Alifuta alichotaka kuandika, mara mbili.
Akakaa dakika ishirini zote.