Boliti Mbili za Mbele

Siku ya kwanza nilimwaga maji tu.
Yalitoka kwenye rejeta na rangi ya kutu,
nikayakinga kwa karai la kuogeshea mtoto,
na fito ya oili nilipoichomoa
ilikuwa na povu la maziwa yaliyochacha.
Hapo hakuna ubishi:
maji na mafuta vimekutana mahali pasipo ruhusa.

Mercedes ya dizeli, mia mbili na arobaini,
mimi na yeye tumepishana miaka minne.
Lulash aliiendesha toka Ujerumani, imejaa magodoro hadi darini,
kisha akapanda basi kwenda Ugiriki kuchuma machungwa,
akaniachia funguo, spana na deni la kuni.

Siku ya pili, mabomba manne ya nozeli.
Kila mdomo niliuziba kwa kipande cha shuka kuukuu,
maana punje moja ya vumbi yatosha kuiua pampu.
Nati za manifoldi zilikataa.
Nikazipaka mafuta, nikazipa usiku kucha.
Asubuhi tatu zilitii.
Ya nne ilikatika,
nikatukana kwa sauti, Shkodër yote isikie,
na juu ya ukuta kofia ya Ndoc
ikainuka, ikashuka.

Na Ndoc hatusalimiani.
Ni habari ya mfereji: zamu yao, zamu yetu,
nani alifungua lango la maji usiku ule wa Agosti,
mahindi ya nani yakakauka.
Miaka sita. Mkewe akianika, mimi naanua.

Siku ya tatu niliufunga mnyororo kwa waya,
nikauning'iniza kwenye boneti usije ukadondokea ndani,
nikatia alama kwa rangi yangu ya kucha, jino kwa jino.
Kisha boliti za kichwa, kutoka pembeni kuja katikati,
robo mzunguko, robo tena,
kwani ukimwonea mmoja, chuma hununa,
na chuma kikinuna hupinda.
Kila moja ililia kek!
kama goti la baba mkwe wangu kanisani.
Nikazipanga kwenye trei ya mayai, na namba zake.

Nikavuta. Wapi!
Nikagonga kwa nyundo ya mbao. Wapi!
Nikaichukua patasi, nikaielekeza kwenye ufa wa gasketi,
ndipo nikasikia nyuma yangu
kikohozi cha mtu asiyeumwa.

"Zile mbili za mbele."
Ameruka ukuta. Hakuuliza habari za nyumbani.
"Ndani ya kisanduku cha mnyororo. Ndogo.
Mimi nilipasua kichwa kizima kwa kuzisahau,
ule mwaka theluji ilipofika hadi Buna."

Kweli zilikuwemo, chini ya oili nyeusi,
zimetulia kama watoto waliojificha
wenzao wakaenda kula.

Akashika upande wa moshi, mimi upande wa nozeli.
Akahesabu mbili tu, ya tatu hakuitamka,
chuma kikaachia kwa mlio wa kiatu kikitoka topeni.
Tulikibeba tukihema, viatu vikisaga komamanga zilizoanguka,
mpaka kwenye meza ninapokamulia zabibu.

Kati ya silinda ya pili na ya tatu
gasketi ilikuwa imeliwa:
kijia cha kutu, hakizidi upana wa kidole.
Hapo ndipo maji yalipokuwa yakivuka usiku.
Tulikitazama wote wawili.
Neno mfereji halikutoka kwake, wala kwangu.

Nilimletea raki, akainywa amesimama.
Akafuta kichwa kwa mkono wa koti lake,
akatoa mfukoni rula ya chuma, akailaza juu,
akaniambia niiname.
Mashavu yetu karibu, bila kugusana,
tukatafuta mwanga chini yake.

Ulikuwepo. Upande wa nyuma, unene wa unywele.

"Kitasawazishwa," akasema. "Mjini wana mashine."
Safari hii alitokea langoni,
akalifunga taratibu, kama mtu anayekumbuka
kwamba lile komeo huwa linakwama.

Rula yake ingali mezani.
Sijui kama aliisahau.