Mai

Langoni Gigiri, Jumanne, saa mbili kasoro,
mashine ilimeza mkoba wa Bi Somoe Bunu
ikatema chupa moja ya plastiki,
kifuniko kimefungwa kipande cha leso.
"Maji hayaingii, mama," akasema askari Kisilu.
"Ama upige funda moja, nijue si sumu."
Ndiyo sheria ya pale. Nimeona mabalozi
wakinywa mbele yake huku wakicheka.
Bi Somoe hakucheka.
Alimsogezea chupa: "Onja weye."

Akaonja. Akatemea maua ya mkandarasi.
"Mama, haya ni ya bahari!"
"Ni ya kisima. Kisima cha mamangu, Ndau.
Ndiyo chai yetu ya asubuhi hiyo,
sukari tumeiacha, haifui dafu."
Chupa ikabaki mezani pa Kisilu,
kando ya daftari la wageni.

Mimi kazi yangu ni mdomo wa kukodi.
Nakaa ndani ya kibanda cha vioo,
napokea Kiswahili, natoa Kiingereza,
kama mtu anayehamisha uji bakuli hadi bakuli
wala haruhusiwi kulamba kidole.
Kila shahidi dakika tatu.
Taa ya kijani, ya manjano, nyekundu.

Alitangulia Lenapir, kijana wa Komote.
Alisema kijiji chao kilikuwa bara,
ziwa likapanda, likakizunguka,
wakaamka watu wa kisiwani
na hakuna aliyekuwa amehama.
Makaburi yako chini. Sangara wanalala humo.
Aliyasema kwa Kiswahili, akaomba radhi:
lugha ya babu zake haina kibanda,
haina hata watu wa kukijaza.

Kisha Bi Somoe. Alisema mai, si maji.

"Mai hayakuvunda mlango.
Yametujia chini kwa chini.
Minazi ilijua kwanza, ikakonda vichwa.
Halafu sabuni ikakataa povu.
Halafu mke wa mwanangu, mimba ya miezi saba,
nesi akampima presha, akamgombeza:
mbona wala chumvi nyingi hivi?
Siku hiyo tulicheka, wallahi,
tulicheka hadi nesi akakasirika."

Mkutano una neno la hayo yote:
refu, safi, limepigwa pasi.
Nilikuwa nalo tayari ulimini. Nikalitoa.
Wajumbe wakaliandika, wakaridhika.
Nesi hakuandikwa na mtu.

"Mume wangu nimemzika mara mbili,
mara ya pili mimi mwenyewe nilishika sanda,
maana ufuo ulikuwa umefika miguuni pake.
Sasa mwaniambia nihame.
Basi nami nina swali moja..."

Taa nyekundu. Maikrofoni ikazimwa.
Mdomo wake uliendelea.
Nilimwona kupitia kioo, mkono umeinuka,
vidole vikihesabu kitu: kimoja, viwili, vitatu, vinne.
Masikioni mwangu, kimya.
Nikabaki na kinywa wazi
mbele ya mataifa yote yale.
Swali lenyewe silijui hadi leo.

Jioni Kisilu aliniita pembeni.
"Aprili Mto Ngong uliingia kwangu, kwa Reuben,
ukatoka na godoro na cheti cha Mutheu cha kuzaliwa.
Maji yale yalinuka, lakini hayakuwa na chumvi."
Akanyamaza. Akafuta chupa kwa kofia yake.
"Nimeshindwa kuyamwaga. Yeye ameshaenda na basi lao.
Chukua wewe, si ndiye uliyemsemea?"

Sikumwambia nilichosema.

Kwetu Umoja mfereji umekauka tangu Jumapili.
Mtungi mmoja shilingi hamsini, na mwenye mkokoteni
amepita, amekwisha kuuza, amerudi kwao.
Nimeweka chupa mezani, leso bado imefungwa.
Saa tatu usiku jirani akabisha,
mtoto mgongoni, sufuria mkononi:
"Dadangu, una maji?"

Nikageuka, nikaitazama.
Nikasimama pale mlangoni
nikitafuta neno.