Nusu na Kidole

Kila Jumamosi Rosaire alishuka chini ya nyumba
na mpini wa ufagio uliokatwa,
akauchovya tangini kupitia tundu la juu,
akautoa, akauinamia chini ya balbu,
kisha sauti yake ikapanda ngazi hadi jikoni:
"Nusu, Odile! Nusu na kidole!"
Nami nikaendelea kumenya viazi.

Mwaka huu ngazi ni zangu.
Januari imeuma meno juu ya Mto Saint John,
nyuzi thelathini chini ya sifuri, siku ya sita mfululizo.
Usiku misumari inalia kutani kama risasi za mwindaji,
na gari la mafuta haliji kwa chini ya galoni mia.
Galoni mia!
Pensheni ya kiwanda cha viazi
haijui kuhesabu hadi huko.

Basi nimebana.
Madirisha nimeyavisha nailoni, nikaipuliza
kwa mashine ya kukaushia nywele
mpaka ikawambika kama ngozi ya ngoma.
Theluji nimeirundika hadi kiunoni mwa nyumba,
maana baridi yenyewe, ukiishindilia, huwa blanketi,
nani angeamini?
Taulo la safari yetu ya pekee ya ufukweni
limelala chini ya mlango, linaziba upepo.
Oveni nikishaoka naiacha wazi
ipumue hadi pumzi iishe.
Kofia nalala nayo. Soksi za Rosaire pia, mbili mbili.

Vyumba vya juu nimevifunga kimoja kimoja:
cha Géraldine, aliyeolewa Hartford,
cha cherehani,
cha mwisho kile chetu.
Hicho nilikiacha wazi wiki nzima
nikijidai bawaba imekwama.

Akiba haiozi, watu husema.
Hawasemi kama huganda.

Jana nikashuka na ule mpini.
Mafuta yaliishia kwenye alama ya kisu, ya tano kutoka chini.
Nikavaa miwani.
Kando ya kila alama pana tarehe, kwa penseli,
mwandiko wa mtu aliyetolewa shule akavune:
nne Februari. Kumi na moja Februari. Mbili Machi.
Zote chini ya yangu.
Mbili Machi, mwaka ule barafu ya mtoni ilipovunja daraja,
mpini ulilowa unene wa ukucha,
na mimi juu, nakumbuka vizuri kabisa,
nilisikia "Robo tatu, Odile!"
nikafurahi, nikaongeza joto kidogo
kwa ajili ya maua yangu ya dirishani.

Nyuma ya boila nimelikuta dumu la njano,
mkono wake umelainika kwa kubebwa,
bado linanuka dizeli.
Kumbe ndiyo maana alikuwa akitoka usiku
kwenda kituo cha mafuta "kununua gazeti",
yeye ambaye gazeti lilimshinda kusoma.

Sikulia. Machozi nayo ni maji ya moto,
hayamwagwi ovyo.
Nililifunga dumu kwenye sleji ya watoto,
nikavuta, nikapumzika, nikavuta.
Galoni tano. Kijana wa kaunta akataka kunibebea,
nikamwambia anifungulie mlango, inatosha.
Nikamimina taratibu kwenye bomba la nje,
nikaligonga dumu kisogoni
hadi tone la mwisho likakubali.

Saa moja jioni simu ikalia. Géraldine.
"Mama, mafuta yapo? Usinifiche."
Mpini ulikuwa mkononi mwangu,
umelowa vidole viwili, basi.
Nikauegemeza ukutani.
"Nusu," nikasema. "Nusu na kidole."
Nikasikia, kule kwao, anashusha pumzi,
anafungua bomba,
anarudi kwenye sufuria zake.