Hesabu za Mashaka

Tulipoonana mara ya kwanza alikuwa na miaka kumi na mitano,
nami kumi na mitano, magoti yangu yakikaribia kugusa runinga
pale kibandani kwa Asajile, nyuma ya stendi ya Tukuyu.
Kiingilio mia. Mvua ikishika bati
tulipoteza nusu ya maneno ya mtafsiri,
yule wa sauti ya mkwaruzo aliyewabatiza mashujaa wote upya.
Huyu akampa jina la Mashaka.
Mashaka akipiga kofi moja, saa zote za mji zinasimama:
risasi inaning'inia, maji ya bomba yanaganda kama utepe,
yeye peke yake anatembea.

Leo nina thelathini na minne.
Goti la kushoto linajua mvua kabla Rungwe haijajifunika.
Mashaka ana kumi na saba.

Sehemu tano, miaka miwili tu!
Mji umejengwa ukabomolewa ukajengwa,
adui aliyekuwa mtoto wa mgongoni sehemu ya pili
sehemu ya nne ana ndevu na jeshi,
na Mashaka bado anasubiri matokeo ya mtihani.
Baba yake alifukiwa na kifusi, nilimwona, nililia;
sehemu ya tatu anapiga simu kuuliza kama wamekula.
Hakuna aliyeshtuka. Mtafsiri tu alikohoa.

Gwamaka fundi redio ana jibu: hazeeki kwa sababu anasimamisha saa.
Nikamwambia, kaka, ni kinyume.
Saa zinasimama kwetu sisi. Yeye anaendelea kutembea.
Kila kofi anakula dakika zake, zetu zimelala salama.
Kwa hesabu hiyo angekuwa ameshapinda mgongo,
anatafuta miwani huku ameivaa.
Gwamaka akarudi kwenye lehemu yake.

Lakini si hilo linalonikosesha usingizi.
Ni lile la dada yake, sehemu ya kwanza.
Nyumba inaungua, dada yumo ndani,
na Mashaka anafika amechelewa.
Amechelewa! Mwenye kofi lile!
Mtu una saa zote mfukoni, unachelewaje?
Nililisema kwa sauti, kibanda kizima kikanizomea nikae.

Nilikaa.
Siku hiyo nilikuwa na kumi na mitano kibandani
na kumi na miwili shuleni Kiwira,
maana nilifeli la saba
nikarudishwa la tano kwa cheti cha ubatizo cha mdogo wangu Lusekelo,
ambaye hakukihitaji tena.
Homa ilimkuta kwa bibi, kule Masoko. Nilitumwa kuita gari.
Nilipita uwanjani kwanza. Mpira ulikuwa unaisha.

Mimi ndiye Ambokile, yaani, kwa Kinyakyusa, Ameniokoa.
Serikalini ni Lusekelo, thelathini na mmoja:
nina kitambulisho, nina laini mbili, nadaiwa mbolea ya chai,
na nina kaburi la vigae vyeupe migombani.
Mtafsiri gani atalieleza hilo likaeleweka?

Binti yangu Tumpe, wa miaka minane, ameshaanza kuhesabu.
Juzi alisimama pale, akakunja vidole kimoja kimoja,
akanitazama,
akausoma tena msalaba.
Nikamwambia twende, mvua inakuja.

Tone la kwanza lilipoanguka mama alikuwa mlangoni,
akaita, kama aitavyo siku zote,
"Lusekelo! Nguo kambani!"
nami nikaitika,
nikakimbia.